Zana za Darasa la Kwanza zisitoke mfukoni mwa mwalimu

Mhariri,

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, watoto wa Darasa la Kwanza katika shule za serikali wanasoma Kiingereza sambamba na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Kabla ya hapo walikisubiri hadi Darasa la Tatu. Nafundisha darasa hilo hapa Morogoro na uamuzi wenyewe naukubali. Kinachonikera ni kwamba Kiingereza kimeletwa bila zana za kufundishia.

Chukua hesabu. Mtoto nikimpa bunda la vijiti kumi nililolifunga kwa mpira wa baiskeli, na kijiti kimoja pembeni, kumi na moja anaiona na kuitamka papo hapo. Kipindi cha Kiingereza kikifika, "eleven" haimwambii lolote. Asiposhika kitu ataiimba tu kama kasuku. Nikimrudishia bunda lake lilelile, anajua tunaongelea nini. Kadi za silabi nazo hivyohivyo. Ba, be, bi, bo, bu zinatosha kusoma "baba" na "bibi", lakini kwa Kiingereza lazima nikate seti nyingine ya herufi mojamoja. Kazi ya kukata inakuwa mara mbili, na watoto darasani wanakaribia mia.

Sasa fedha. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango cha enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), mwaka 2002. Sh4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, Sh6,000 zinafika shuleni, na hizohizo zinunue chaki, zichape mitihani, zirekebishe na madawati. Karatasi za manila na gundi huja mwisho kabisa. Chuoni tulifundishwa kufaragua, yaani kutengeneza zana kwa vitu vinavyotuzunguka, na tunafaragua kweli: vizibo vya soda, mabua, maboksi, mifuko ya saruji tunayoigeuza kuwa chati. Lakini mkasi haufaraguliwi, wala kalamu za rangi. Hivyo mwalimu hununua kwa mshahara wake, kisha mthibiti ubora akija anaandika kwamba zana hazitoshi. Ukimwagiza mtoto aje na vizibo, hakosi mzazi wa kuuliza kama michango si ilishafutwa.

Najua wapo watakaosema walimu tulishapewa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Ni kweli, na vinatusaidia kuandaa masomo. Ila kishikwambi ni kimoja, ni cha mwalimu, na embe la kwenye kioo mtoto halishiki wala haligawi vipande viwili.

Hata zikipatikana, zana hazikai. Darasa halina kabati la kufunga, na penye mikondo miwili wanaoingia mchana wanakuta chati za wenzao wa asubuhi. Ikifika Ijumaa zimechanika. Mchwa nao wana sehemu yao.

Ninachopendekeza ni Vituo vya Walimu vifufuliwe kwa kazi hii. Majengo yapo, na baadhi yetu tunakutana humo kwa mafunzo ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ingawa vingine vimegeuzwa stoo ya viti vibovu. Kila kituo kipewe fungu dogo la manila, mikasi, gundi, mashine ya kulaminisha na kabati lenye kufuli. Siku za MEWAKA, badala ya kusikiliza mada tangu asubuhi hadi jioni, tukae chini tukate kadi. Fundi seremala wa kata apewe oda ya maumbo na vibao vya herufi. Mabaki ya mbao anayo tayari, na kibao hakichaniki. Shule ziazime kwa daftari, kama vitabu vya maktaba, na mwalimu mkuu atie saini kwamba atarudisha.

TAMISEMI, ofisi inayosimamia shule za serikali, ikitenga fungu hilo katika bajeti ijayo, hata kwa kata chache za majaribio, mwaka wa masomo hautakwisha kabla hatujajua kama linafaa.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza,
Morogoro