Baba, Kabla Fundi Hajapanda Paani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na wadogo zangu wote wasalimie. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Picha za makadirio matatu ya sola nimezipata. Nilizisoma kwenye basi nikitoka kazini, nikazisoma tena usiku mezani, kalamu mkononi. Kwenye simu uliniambia niangalie bei nikwambie ipi nafuu. Nisamehe Baba, bei nimeiangalia mwisho kabisa, na nitakueleza kwa nini.

Kuna jambo sikuwahi kuwaeleza vizuri. Ile kazi niliyokuwa nikiiita "ujenzi", niliyoifanya misimu miwili kabla ya hii ya ofisini, ilikuwa kupandisha paneli za sola juu ya mapaa ya watu. Paneli moja ina zaidi ya kilo 20, na upepo ukiikamata ukiwa kwenye ngazi inakuvuta kama tanga. Nilianza kwa kubeba, baadaye wakanifundisha kufunga nyaya. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo sijalisahau.

Nyaya za paneli huunganishwa kwa viunganishi vidogo vya plastiki, dume na jike, vinavyolia "tak" vikiingiana. Ndani yake kuna kipande cha chuma ambacho lazima kibanwe kwenye waya kwa koleo lake maalumu. Siku hiyo koleo lilikuwa chini kwenye gari, jua kali, nami nimechoka. Nikabana kwa koleo la kawaida nililokuwa nalo mfukoni. Kililia "tak" vizuri tu. Mita ikaonyesha umeme upo. Mwenye nyumba akafurahi, tukaondoka.

Baada ya miezi mitatu akapiga simu: nusu ya paneli zake hazitoi kitu. Tulipopanda, kiunganishi changu kilikuwa kimeyeyuka, kimegeuka rangi ya kahawia kama sukari iliyoungua, na waya wake umekakamaa. Chuma kilichobanwa vibaya hushika waya sehemu ndogo tu, umeme unapopita hapo panapata joto, na joto linazidi kupaharibu siku hadi siku. Bahati yetu paa lilikuwa la vigae, halikushika moto. Msimamizi wetu hakunigombeza. Alipiga picha, akaniwekea ile picha kwenye simu yangu, akasema niwe naiangalia. Bado ninayo.

Ndiyo maana nasema bei mwisho. Mwenye nyumba yule alilipa vizuri, akanunua paneli nzuri, akapata fundi mbovu, na huyo fundi nilikuwa mimi.

Sasa nirudi kwenye karatasi zako.

Ya kwanza, ya mpwa wa rafiki yako, vifaa vyake vyote vimeandikwa mstari mmoja: mfumo kamili, paneli 4, betri 2, inveta 1, na ufundi. Paneli za wati ngapi? Betri za aina gani, volti ngapi, ampea-saa ngapi, yaani zinabeba umeme kiasi gani? Hakuna. Baba, hii siyo makadirio, ni jumla tu. Akija na paneli ndogo za wati 100 utamwambia nini, wakati karatasi inasema "paneli 4" na kweli ameleta nne?

Ya pili ina herufi kubwa za kuvutia: INVETA KILOWATI 5. Nimeona mdogo wangu ameipigia mstari. Lakini inveta haizalishi umeme, inageuza tu ule unaotoka kwenye betri na paneli uwe wa kutumika nyumbani. Na chini ya hiyo inveta kubwa kuna paneli mbili za wati 400 na betri mbili za asidi za ampea-saa 100.

Nilikaa nikapiga hesabu ya nyumba yetu. Friji nimeliwekea kilowati-saa 1, yaani wati-saa 1,000, kwa siku. Feni mbili za wati 50, kwa muda wa saa nane za usiku: wati-saa 800. Balbu nane za wati 9 kwa saa tano: 360. Runinga jioni: 400. Simu na kompyuta ya mdogo wangu: 240. Jumla ni wati-saa 2,800. Pasi nimeiacha nje kwa makusudi, Mama anisamehe. Pasi ya wati 1,200 ikiwaka nusu saa inakula wati-saa 600, kuliko runinga ya jioni nzima. Ipigwe mchana jua likiwa kali.

Paneli nazo hazitoi kile kilichoandikwa nyuma yake. Zile wati 400 zimepimwa maabara, mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi 25 tu. Juu ya paa la bati seli hufika nyuzi 60 na kupita, na kila nyuzi inayoongezeka inapunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Ikifika nyuzi 65, paneli ya 400 inakupa kama 340 au 350 jua likiwa utosini. Ongeza vumbi, nyaya, na kile kinachopotea kwenye inveta na betri. Kwa hiyo nimehesabu robo imepotea, na nikaweka saa nne za jua kamili kwa siku ili nisijidanganye. Paneli mbili zinatoa wati-saa 2,400. Zimepungua 400 kila siku, hata siku isiyo na wingu.

Betri ndiyo kabisa. Betri mbili za asidi za volti 12, ampea-saa 100, ukizidisha volti kwa ampea-saa, zina wati-saa 2,400 kwa jina. Betri ya asidi ukiizoesha kuimaliza inakufa mapema, kwa hiyo hutakiwi kupita nusu. Umebakiwa na 1,200. Nyumba yetu usiku inakula kama 2,000. Umeme ungekatika watu ndiyo kwanza wanapanda kitandani, na feni zingesimama. Halafu mngesema sola haina maana.

Fundi wa tatu ndiye pekee aliyeandika paneli tatu, na betri moja ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100. Hiyo ni kama wati-saa 2,500, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza. Inatosha, kwa kubanana kidogo. Lakini siyo hesabu iliyonifanya nimpende. Mdogo wangu amenisimulia kwamba alipofika hakutaja bei kabisa. Aliuliza friji lina umri gani, nani hulala mwisho, kama mna mpango wa kuweka pampu. Akaomba bili za umeme za miezi iliyopita. Akapanda darini na tochi akatazama kenchi na papi kama zimeliwa na mchwa. Kisha akasimama uani, akauliza ule mti kivuli chake kinafika wapi saa kumi jioni.

Baba, swali la mti ndilo lililonimaliza. Seli za paneli zimefungwa kwa kufuatana, kama maji yanayopita kwenye mpira mmoja wa bustani. Ukiukanyaga mpira sehemu moja, maji yanapungua mpaka mwisho. Kivuli cha tawi moja kwenye kona kinaweza kuzima theluthi ya paneli, maana ndani yake kwa kawaida kuna njia tatu tu za umeme kukwepa sehemu iliyofunikwa. Fundi asiyeuliza kivuli anauza vioo.

Nisikufiche, hata huyu wa tatu ana dosari. Kwenye karatasi yake sioni waya wa athi, ule unaoshuka ardhini, wala kinga ya radi, wala aina ya breka, ile swichi ya kukata umeme, kati ya paneli na inveta. Hii ya breka usiiache ipite. Umeme wa ukutani hubadili mwelekeo, na kila sekunde hufika sifuri mara 100 au zaidi, hivyo breka ikiukata cheche hufa yenyewe. Umeme wa paneli huenda upande mmoja bila kupumzika, cheche yake inaweza kuendelea kuwaka hata breka ikishafunguka. Breka za kawaida za nyumbani hazikutengenezwa kwa hilo. Lazima ziwe zimeandikwa kwamba ni za umeme wa moja kwa moja, yaani huo wa upande mmoja, na volti zake zitoshe. Na paneli huwezi kuzizima. Jua likiwaka nazo zinafanya kazi. Mpigie simu, muulize ameweka breka za aina gani. Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Akikujibu "mzee usijali, mimi nimezoea", nawe usijali, mpigie mwingine.

Muulize pia anabana viunganishi kwa koleo gani. Mwambie akuonyeshe. Na asichanganye dume la kampuni moja na jike la nyingine, hata kama vinaingiana.

Kuhusu mpwa wa rafiki yako, najua uzito wake. Sikwambii umkatae. Mwite, mpe chai, mpe maswali yaleyale, na mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyofunga miaka mitatu iliyopita. Siyo ya mwezi jana. Ya mwezi jana kila kitu kinang'aa. Mkifika, usimuulize mwenye nyumba kama ameridhika, maana atasema ndiyo mbele ya fundi. Muulize faragha: siku ilipoharibika, alikuja baada ya muda gani? Tazama pia dari kama ina madoa ya maji pale skrubu zilipopita kwenye bati. Hofu yangu kwa ndugu na marafiki ni hiyo tu, Baba, kwamba akikosea utaona haya kumdai, na wewe nakujua, utanyamaza mwaka mzima ukiwasha kandili.

Dhamana wote watatu wameandika "miaka 25". Hiyo ni ya paneli, tena ya kiasi cha umeme zitakachoendelea kutoa, na anayeitoa ni kiwanda, siyo fundi. Paneli yenyewe ikipasuka au kuingia maji kwa kasoro ya kiwandani, mara nyingi ni miaka 10 au 12, na inveta huwa 5 hadi 10. Ninachotaka kuona ni dhamana ya mikono ya fundi: paa likivuja, waya ukilegea, nani anarudi na kwa gharama ya nani. Iandikwe, isainiwe. Na namba za utambulisho za kila paneli, betri na inveta ziandikwe kwenye risiti, mdogo wangu azilinganishe na zilizo kwenye vifaa kabla havijapanda juu.

Kama mtaunganisha na umeme wa shirika badala ya kujitegemea, fundi awe na leseni na kibali kipatikane kwanza. Umeme wenu ukirudi kwenye nguzo wakati mtaa umezimwa, unaweza kumuua fundi wa laini aliyeko juu.

Hela usilipe zote mwanzo. Mpe ya vifaa, nyingine kazi ikiwa katikati, na fungu la mwisho lisitoke mpaka mmelala na sola yenyewe. Naam, mmelala nayo: zimeni swichi kuu ya umeme wa shirika jioni, washeni friji, feni, balbu na runinga kama siku zote, mwone kama mtaamka feni zikizunguka. Asubuhi mlipeni. Na kabla hajaondoka, ile programu ya simu inayoonyesha umeme iandikishwe kwa barua pepe ya mdogo wangu. Huku nimeona watu wanafungiwa nje ya mfumo wao wenyewe kwa sababu fundi alitumia barua pepe yake kisha akabadili kazi.

Betri isiwekwe chumbani kwenu. Najua Mama anapanga iwe karibu na kabati ili isiibiwe. Iwekwe kwenye ukuta wa kivuli wenye hewa, mlango ufungwe kwa kufuli. Joto hupunguza umri wa betri ya aina yoyote, na zile za asidi hutoa gesi inayoshika moto zikichajiwa.

Sasa naomba vitu viwili kabla sijatuma hela. Mdogo wangu apige picha ya kenchi kutoka darini, na asimame uani Jumamosi apige kivuli cha mti saa tatu asubuhi, saa sita, na saa kumi, pale pale. Nitazichora juu ya paa nione paneli tatu zinakaa wapi. Nadhani itabidi tawi la kushoto likatwe. Mama ataupigania huo mti, najua, kwa hiyo msimwambie kwanza; nitaongea naye mwenyewe Jumapili.

Ni mimi mwanao.