Kashata za karanga zisizonata: barua kwa Mama Kulwa

Kirumba, Mwanza
Desemba

Mama Kulwa mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa mapacha. Habari za Nansio? Barua yako nimeipata, na swali la kashata nalijibu kwa kirefu kwa sababu Krismasi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Unasema zinakatika vizuri siku ya kwanza, kesho yake zimeshikana na zinang'ang'ania meno. Tatizo ni maji tu: yaliyobaki ndani ya karanga, yaliyobaki kwenye shira, na unyevu wa hewa. Nyie huko kisiwani mmezungukwa na ziwa pande zote, na sasa vuli inanyesha, kwa hiyo sukari iliyoiva nusu haichelewi kulowa. Sukari huvuta unyevu, hiyo ndiyo tabia yake.

Karanga nunua zile ndogo nyekundu. Zile kubwa huacha nafasi katikati, kisu kikipita kashata inapasuka ovyo. Zimwage kwenye sinia uchambue moja moja: iliyokunjamana, iliyopata weusi, yenye ukungu, yote tupa, na usiwape kuku, maana sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, inawadhuru hata wao. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga nazo huipata hivyo hivyo zikihifadhiwa mbichimbichi. Moto wa jikoni hauiondoi. Kinachosaidia ni kununua karanga kavu, safi, kisha kuchambua bila kuona huruma ya hela.

Kuzikaanga, weka sufuria kavu juu ya makaa yaliyoanza kufunikwa na majivu, tia chumvi ya mawe au mchanga safi vikombe viwili, vipate moto kwanza, ndipo umwage karanga. Chumvi hueneza joto, karanga ziive hadi ndani bila kuungua nje. Geuza bila kupumzika, dakika 15 hadi 20. Zitaanza kulia, ngozi itatoka ukisugua kwa vidole, na ndani weupe utageuka kuelekea hudhurungi. Epua hapo hapo, chekecha chumvi, zitandaze. Usingoje zikolee ndani ya sufuria, kwa sababu zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Na usionje ya moto ukaihukumu: karanga ya moto ni laini hata ikiwa imeiva. Ngoja ipoe. Ikivunjika kwa mlio, tayari. Ikitafunika kama mbichi, irudishe, bado ina maji. Kisha pukuchua na upete kwa ungo. Wapo wanaoacha ngozi, lakini mimi sikubaliani nao: shira hushika ngozi, ngozi hubanduka, karanga inadondoka, na uchungu juu.

Kwa pishi moja, yaani mkupuo mmoja wa kupika, pima nusu kilo ya karanga zilizokwisha kukaangwa na kupetwa, sukari gramu 350, maji mililita 100, chumvi robo kijiko cha chai, iliki punje sita zilizotwangwa, na maji ya limau nusu kijiko cha chai. Limau usilidharau wala usilizidishe. Ukali wake huvunja sehemu ya sukari isiweze kurudi chengachenga, lakini hiyo sukari iliyovunjwa ndiyo inayopenda unyevu kuliko zote. Ukikamua limau zima, kashata zitalia machozi kabla ya mkesha. Ndiyo maana sukari guru nayo, pamoja na utamu wake wote, siipendekezi kwenu msimu huu.

Sasa shira, ambako naamini ndiko unakoharibu. Tumia sufuria nzito. Tia sukari, maji na limau, koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie chembe hata moja ikikwaruza chini. Ikianza kuchemka, toa mwiko, usikoroge tena. Chembe zinazoganda pembeni mwa sufuria zifute kwa kitambaa safi chenye maji kilichofungwa kwenye kijiko, kwa sababu chembe chache zikidondoka ndani, sufuria nzima inaweza kugeuka mchanga. Ikikutokea kabla hujatia karanga, usimwage. Ongeza nusu kikombe cha maji, yeyusha upya, anza tena.

Mwanzoni mapovu ni madogo, ya haraka, na mvuke ni mwingi. Kadiri maji yanavyokwisha, mvuke unapungua, mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole. Hapo wengi huepua, na hapo ndipo penye kosa. Weka kikombe cha maji baridi karibu, dondosha tone la shira, litoe ulivunje. Likikunjika, bado. Likivutika kama uzi halafu likapinda, bado. Likikatika kwa mlio na ukiliuma halishiki meno, limefika, karibu nyuzi 150. Ongeza muda kidogo tu mpaka ifanane na chai ya rangi, harufu ibadilike. Ikipita hapo kuelekea weusi ni uchungu, na hakuna cha kuuondoa.

Angalizo kwa sukari yetu ya kahawia, kama hii ya Kagera: inaanza ikiwa na rangi tayari, kwa hiyo macho yanakudanganya kwamba imeiva. Amini tone kwenye maji, rangi iwe shahidi wa pili tu.

Wakati shira inachemka, karanga ziwe kwenye sufuria nyingine pembeni mwa jiko, ziwe na joto. Ukitia za baridi, shira inaganda kabla haijazizunguka, unabaki na mabonge. Epua shira, tia karanga, chumvi na iliki kwa pamoja, geuza haraka kwa nusu dakika hivi, mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta kidogo. Iliki ikitangulia kwenye moto harufu yote inakwenda na mvuke. Pakaa mafuta mti wa kusukumia chapati, shindilia na kusukuma mpaka unene wa sentimita moja. Usilowanishe sinia wala mti kwa maji ili visishike. Umekwisha kuyafukuza, unayarudisha ya nini?

Kata ndani ya dakika moja au mbili, kwa kisu kikubwa chenye mafuta, ukikandamiza moja kwa moja chini bila kukereza. Ikikuwahi kuganda, ipitishe sinia juu ya makaa kwa muda mfupi, italegea. Kwa sababu ya haraka hii usipike kilo mbili kwa mkupuo. Pishi moja linatoa vipande kama 40 vya sentimita nne kwa nne, basi kwa wageni uliowataja pika mapishi manne, moja baada ya jingine.

Mapacha wasikae karibu. Shira ya moto hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza, kwa hiyo weka beseni la maji baridi karibu, na likitokea jambo mkono uingie humo moja kwa moja. Sufuria usiikwangue, ijaze maji, ichemshe, yote yatayeyuka.

Chagua siku ya jua, na jikoni kusiwe na maharage yanayotoa mvuke upande wa pili. Kashata zikipoa kabisa, siyo vuguvugu, zipange kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Ukifunika zikiwa na joto, jasho lao lenyewe litazilowesha. Friji nayo hapana, maana ukizitoa zinapata umande. Zikikaa hivyo, wiki mbili hazina shida. Baadaye mafuta ya karanga yanaanza kuvunda, hata kama sukari bado kavu.

Zile za juzi zilizonata usihangaike kuziyeyusha, karanga zitaungua kabla shira haijaiva. Zitwange, uwatilie watoto kwenye uji.

Za korosho ziache kwanza, bei yake huku bara unaijua. Ufuta unaweza kuujaribu kwa vipimo hivi hivi vya shira, ila gramu 350 za ufuta zinatosha, na usukume hadi nusu sentimita.

Iliki nakutumia robo kilo kwa meli ya Jumamosi, pamoja na kopo mbili za bati. Moja ni yako, ya pili irudi na kashata.

Msalimie bibi, mwambie nampa shikamoo.

Mimi rafiki yako,
Mama Grace