Mikopo ya nyumba ifike na mashamba

Mhariri,

Nchini Marekani, chini ya sheria ya nyumba ya mwaka 1949, serikali huwakopesha watu wa vijijini, wakiwemo wa wilaya za milimani, au huwadhamini kwa benki bila ya malipo ya awali, ilimradi kipato chao kisizidi kiwango cha eneo na mkopaji aishi mwenyewe katika nyumba hiyo. Huku kwetu Micheweni, mvuvi ambaye matofali yake yameota majani uwanjani hukwamia kwenye hati ya ardhi anapotafuta mkopo, kwa kuwa ardhi ni ya umma na kiwanja chake kinajulikana na sheha (kiongozi wa serikali katika mtaa) na majirani tu. Naiomba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iwadhamini watu hawa, barua ya sheha ipokewe wakati hati ikishughulikiwa, na kwa sisi tusiogusa riba (nasi ni wengi) uwepo mkopo wa kisharia.

Mkaazi wa Micheweni,
Pemba