Anti, mama ameshawaambia wenzake wa kikoba kuwa nitatuma pesa

Shikamoo Anti. Pole na majukumu.

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma mwaka wa tatu, kwetu ni Ngamiani, Tanga. Leo ni siku yangu ya nane hapa Leipzig, Ujerumani. Nimekuja kwa Erasmus, programu ya Ulaya ya kubadilishana wanafunzi, kusoma muhula mmoja, kisha nirudi chuoni kwangu Dar. Nakuandikia usiku nikiwa nimevaa sweta mbili, maana hita ya chumbani sijajua inawashwaje na naona haya kuuliza.

Nianze na fedha, ndizo zinazoninyima usingizi. Posho yetu inaingizwa kwenye akaunti ya benki ya huku. Benki niliyokwenda inataka kwanza karatasi ya usajili wa makazi, na sheria yao inasema mtu akihamia ajisajili ndani ya wiki mbili. Miadi yangu ilikuwa Jumatano. Mwanafunzi mwenyeji aliyepangiwa kunisaidia aliniambia kwa Kiingereza tukutane "nusu nane". Kwa Kiingereza nilichofundishwa mimi, hiyo ni nane imepita kwa nusu. Nikaigeuza kwa saa zetu, nikapata saa mbili na nusu asubuhi. Nikafika saa mbili na robo, nimejipara, najiona mstaarabu wa kuwahi. Kumbe nusu ya Wajerumani ni ya kuiendea nane, si ya kuipita! Mwenzangu alikuwa pale tangu saa moja na nusu, miadi imeshapita, na nafasi nyingine ni baada ya wiki tatu. Hakunifokea. Alisema tu "hakuna shida" huku anaangalia saa yake. Afadhali angefoka.

Nilikuja na yuro 200, zimebaki 83. Nyingine zimekwenda kwa ujinga wangu. Siku nne nimenunua maji ya chupa, kumbe ya bomba yananyweka. Na kila chupa niliyotupa ilikuwa na amana ya senti 25, unarudishiwa ukiipeleka kwenye mashine dukani. Nimetupa chupa tisa, Anti. Jana nimemwona mzee wa heshima zake anapekua pipa la barabarani kwa tochi akitafuta chupa hizohizo, nikajisikia vibaya zaidi.

Sasa nauli ya ndege mama aliikopa kikoba, shilingi 1,500,000, na mimi kwa mdomo wangu niliahidi kutuma rejesho la kwanza mwisho wa mwezi huu. Juzi Ijumaa alinipigia kwa video yuko barazani na wenzake. Mmoja akasema, "Hebu tuonyeshe theluji." Oktoba hii theluji itoke wapi? Nikawaonyesha tramu, treni ya mjini ya barabarani, inayopita chini ya dirisha, wakapiga vigelegele. Hapo mama akasema mbele yao wote, "Mwanangu, wenzangu wanakusubiri mwisho wa mwezi." Nikacheka. Nikajibu inshallah. Simu ilipokatika nikalia mpaka nikapitiwa na usingizi.

Jingine ni dogo lakini linanichoma. Jiko tunatumia watu watatu. Jumapili, siku yangu ya kwanza kuamka huku, maduka yote ya mtaani yalikuwa yamefungwa, ndivyo Jumapili zao zilivyo, nami sina hata chumvi. Nikatoa dagaa alionifungia mama, nikawakaanga, nikasonga ugali kwenye sufuria ya mtu. Dada wa chumba cha pili akaingia, akasimama mlangoni, akafungua dirisha lote na baridi ile, akatoka bila neno. Asubuhi nikakuta karatasi imebandikwa kwenye friji. Nikaipiga picha simu initafsirie: "Tafadhali fungua dirisha unapopika na uoshe sufuria siku hiyohiyo." Sufuria nilikuwa nimeiloweka tu, ukoko ule huutoi bila kuloweka! Tangu hapo tukipishana kwenye korido namsalimia, ananijibu kwa neno moja anapita. Kwetu mtu akikujibu hivyo ujue mmegombana. Huku sielewi, labda ndiyo salamu yenyewe.

Nisiseme mabaya matupu. Alhamisi chuoni kijana mmoja wa Kijerumani anayesoma Kiswahili alinijia mbio akaniambia "Shikamoo!" Rika langu kabisa. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Ndiyo siku pekee niliyocheka kwa dhati wiki hii.

Anti, nimwambie mama ukweli kwamba pesa haitafika mwisho wa mwezi? Naogopa ataaibika kwenye kikao, na yeye ndiye mweka hazina wao. Rafiki yangu wa Dar ananishauri nikope kwa wanafunzi wenzangu wa huku nitume, lakini watu wenyewe nina siku nane nao. Kuna pia mama wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, labda angenitafutia miadi ya mapema au posho ya awali. Ila nimezoea jambo la ofisini unakwenda na mtu mzima akusemee, hapa nitaanzaje peke yangu?

Na yule dada wa jikoni, nimwombe radhi, nimkaribishe chakula, au ninyamaze?

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana ndiyo siku mama anapiga.

Binti wa Ngamiani,
Leipzig