Kabla hujaishusha giaboksi

Mwanangu,

Nimesikia pikapu inakwaruza kila ukiingiza gia ya pili, na fundi anataka giaboksi ishuke kesho. Mwombe asubiri. Gari lile limetubeba miaka mingi, wewe mwenyewe ulikuwa ukisinzia kwenye kiti chake kabla hujajua kutembea. Sitaki lifunguliwe kwa kubahatisha.

Anza na klachi. Washa injini, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu hadi tano, ndipo uingize rivasi. Rivasi nayo ikisaga, huenda klachi haiachii sawasawa na giaboksi inasingiziwa. Mimi niliwahi kuishusha nzima, siku mbili niko mvunguni, vidole vimechubuka, kumbe silinda ya chini ya klachi ilikuwa inavuja. Uchungu wa kazi ile ya bure ninao mpaka leo.

Rivasi ikiingia kimya, mwaga oili ingali na uvuguvugu. Lakini fungua kwanza nati ya kujazia! Ikigoma wakati umeshamwaga oili kwa nati ya chini, hutakuwa na pa kujazia na gari halitoki hapo.

Oili yenyewe ichukue kidoleni, uisugue juani. Unga mweusi kidogo kwenye sumaku ya nati usikutishe, chuma kikifanya kazi hulika. Ukikuta kipande chenye umbo la jino, hiyo ni habari nyingine. Ninachohisi utakiona ni vumbi la rangi ya dhahabu, lile ambalo sumaku hailishiki. Hiyo ni shaba ya pete za sinkronaiza. Pete ile ina mifereji myembamba sana kwa ndani, kazi yake kukata utando wa oili ili iikamate gia mpaka mizunguko ilingane. Mifereji ikifutika, pete inateleza, na meno yanakutana yakiwa bado yanapishana kasi. Ndiyo kelele unayoisikia.

Hapo sasa giaboksi ishuke, na uwepo. Chukua pete ya zamani, ikandamize kwenye gia yake, uizungushe kwa mkono. Nzima hung'ang'ania, iliyokufa huteleza kama sabuni. Angalia pia ncha za meno ya ile bangili inayosukumwa na uma wa gia. Kama zimekuwa butu, pete mpya peke yake haitakufikisha mbali, gia itakwaruza tena au itaanza kuchomoka njiani.

Oili weka ile inayotajwa na kitabu cha gari. Kikisema GL-4, yaani daraja la oili, usikubali kuuziwa GL-5 kwa kuwa eti ni kali zaidi. Hiyo mara nyingi ni ya difu, zile gia za kwenye ekseli, na pete za shaba haziipendi.

Na nakusihi mwanangu, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Weka stendi, ulitikise kwanza. Giaboksi ni nzito, itafutie mtu wa pili.

Ukishamwaga oili nipigie, hata kama ni usiku, uniambie umeona rangi gani.

Baba yako