Harambee ya Kuwatafutia Wanawake wa Kanda ya Ziwa Vyanzo vya Wasifu Wao

Ndugu zetu wa Mwanza, wa visiwani na wa mwambao wote wa Ziwa, pamoja nanyi mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani,

Tunawasalimu. Sisi ni kikundi cha watu wa kujitolea, wengi wetu walimu, wauguzi na wanafunzi, tunaokutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kompyuta tulichoazimwa na shule moja hapa Kirumba, ili kuandika na kurekebisha makala za wasifu wa wanawake katika Wikipedia ya Kiswahili. Tunawaomba mchango wa fedha na mchango wa karatasi, na kwa kuwa anayeombwa ana haki ya kujua anaombwa kwa ajili gani, mtuvumilie tueleze kwa kirefu.

Makala yetu ya kwanza ilifutwa. Ilimhusu mkunga mmoja aliyezalisha kina mama visiwani kwa miaka mingi, mtu ambaye wazee wa huko wakimtaja hushusha sauti kwa heshima. Tulikaa na wajukuu zake jioni mbili, tukaandika kila walichotusimulia, tukaipamba makala kwa sifa anazostahili, na siku tuliyoihifadhi tulipigiana simu kwa furaha. Hazikupita siku nyingi ikawekwa kwenye ukurasa wa makala zinazopendekezwa kufutwa, ikiwa na swali moja tu: marejeo yako wapi? Hatukuwa nayo. Hapakuwa na gazeti, kitabu wala ripoti yoyote tuliyoweza kuonyesha. Mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa mamlaka ya kufuta makala, aliifuta, na hasira ilipotulia tulikiri wenyewe kwamba alifuata kanuni. Kamusi elezo haipokei neno la mhariri, hata mhariri awe mjukuu wa anayeandikwa. Kila dai lenye uzito hudaiwa chanzo kilichochapishwa na mtu mwingine, ambacho msomaji wa Bukoba au wa Mombasa anaweza kukifuata akakihakikisha. Bila kanuni hiyo kila mwenye simu angejiandikia ukuu wake, na msomaji asingekuwa na cha kuamini.

Tangu siku hiyo tumejua kazi yetu hasa ni ipi. Wanawake wa kuandikwa wapo. Tunachokitafuta ni karatasi inayowashuhudia, na karatasi hiyo mara nyingi iko mbali, au iko karibu lakini imefungiwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mradi wa Women in Red ulioanzishwa mwaka 2015 katika Wikipedia ya Kiingereza uliitwa hivyo kwa sababu ya viungo vyekundu, yaani majina yanayotajwa ndani ya makala lakini hayana ukurasa wao wenyewe. Mwenye ukurasa kiungo chake huwa cha buluu. Wakati huo, katika kila wasifu 100, za wanawake zilikuwa kama 15 au 16 tu. Baada ya takriban miaka kumi ya watu wengi kuandika kila siku, zimefika karibu 20. Mwendo ni wa polepole, na sababu mojawapo ni wanaoshika kalamu: utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulikuta wanawake ni takriban 13 katika kila wahariri 100. Sababu nyingine imo katika namna tunavyopimana. Mwanasosholojia Francesca Tripodi alichapisha mwaka 2021 utafiti ulioonyesha kwamba wasifu wa wanawake katika Wikipedia hiyo ya Kiingereza hupendekezwa kufutwa kwa kiwango kinachozidi sehemu yao katika wasifu wote. Mwezi Oktoba 2018, Donna Strickland wa Kanada alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, hakuwa na makala. Rasimu iliyoandikwa juu yake miezi michache kabla ilikuwa imekataliwa kwa hoja kwamba vyanzo vyake havitoshi. Gérard Mourou, mwenzake aliyegawana naye sehemu ya tuzo kwa kazi ileile ya leza, alikuwa na makala yake miaka mingi. Ikiwa profesa wa chuo kikuu katika nchi yenye magazeti na maktaba kila mtaa alikwama hapo, mwalimu wa kike aliyefundisha Sengerema enzi za ukoloni atapitia wapi?

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na sasa ina zaidi ya makala 80,000. Nyingi ni fupi sana, aya moja au mbili, na chini yake huwekwa maelezo kwamba makala hiyo bado ni mbegu na msomaji anaalikwa kuikuza. Tunalipenda neno hilo mbegu, kwa sababu linasema ukweli wa kazi yenyewe.

Wanawake wa Ziwa waliofika kwenye majukwaa makubwa wana vyanzo, na kwao kazi yetu ni kupanua na kusahihisha. Gertrude Mongella, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1945, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, hata watu wakamwita Mama Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi kwa miaka kumi. Ng'ambo ya pili, Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya. Hawa hata ukiwa na simu tu utapata pa kuanzia. Wanaotusumbua, na tunaowapenda kwa namna ya pekee, ni wale wa ngazi iliyo chini kidogo: wauguzi wa kwanza, mahakimu wa mahakama za mwanzo, wacheza netiboli waliovaa jezi ya taifa, wanawake waliojenga biashara ya dagaa pale Mwaloni kutoka gunia moja, na wale waliobeba kadi za TANU katika Usukuma wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa imekipiga marufuku chama hicho huku kwetu, kuanzia mwaka 1954 hadi 1958.

Ngoja tuwaonyeshe ugumu wenyewe ulivyo. Mwezi uliopita mmoja wetu alipewa kurasa tatu za gazeti la zamani zilizokuwa zimetandikwa ndani ya kabati la vyombo. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na kingo zake zilikatika kila ulipoigusa. Katika ukurasa wa pili kulikuwa na picha ya watu saba waliosimama mbele ya jengo la ushirika, na mwanamke mmoja katikati yao ameshika faili kifuani. Tuliipiga picha kwa simu, tukaikuza hadi herufi zikawa vitone. Maelezo yaliwataja wanaume sita kwa majina yao yote mawili na vyeo vyao, kisha yakamalizia kwa maneno manne: pamoja na mama mmoja. Faili alishika yeye. Tumewauliza watu wengi, na bado hatumjui.

Na hata anapotajwa, hutajwa kwa majina mengi. Tuchukulie msichana aliyezaliwa wakati wa mvua akaitwa Kabula. Kanisani akabatizwa Theresia, shuleni akaandikishwa kwa jina la baba yake, alipoolewa akaandikwa kwa jina la mume, na mtaani hadi leo anaitwa Mama Masanja. Daftari la shule lina jina moja, gazeti lina jingine, cheti cha uuguzi kina la tatu. Kabla ya kuandika sentensi moja tu ya maisha yake ni lazima kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Kiswahili chenyewe hakina ubaguzi katika jambo hili, kwa maana "alikuwa hakimu" husemwa sawasawa kwa mwanamke na kwa mwanamume. Ni sisi tulioandika ndio tuliomwacha nje.

Tumaini letu limejengwa juu ya mfano ulio hai. Mwanahistoria wa Marekani Susan Geiger aliwahoji wanawake wa TANU wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, akiwemo Bibi Titi Mohamed mwenyewe, na mwaka 1997 akachapisha alichokipata. Maneno ambayo yangebaki barazani na kuzikwa na wenyewe yamekuwa chanzo ambacho mhariri yeyote anaweza kukitaja kwa nambari ya ukurasa. Ndiyo maana hatuandiki tu. Tunawarekodi wazee kwa ridhaa yao, na rekodi hizo hatuzitumii sisi wenyewe kama ushahidi. Tunawapelekea walimu wa historia na waandishi wa habari wanaoweza kuzichunguza na kuzichapisha kwa jina na dhamana yao. Ni njia ndefu. Bibi mmoja wa Nansio aliyetufungulia sanduku lake, akatoa vyeti vilivyofungwa ndani ya kanga, alituomba tufanye haraka, na sote chumbani tulielewa kwa nini.

Tunahitaji shilingi 5,700,000 kwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa, shilingi milioni mbili, ni ya safari mbili za watu wawili wawili kwenda Dar es Salaam kwa basi, kukaa wiki moja kila safari na kusoma magazeti ya zamani katika Nyaraka za Taifa na katika maktaba ya Chuo Kikuu, kwa kuwa toleo la mwaka 1962 haliwezi kusomwa kwa kubahatisha ukiwa Mwanza. Shilingi 1,400,000 ni za kompyuta mpakato mbili zilizotumika, maana kwa sasa tunaandika kwa zamu, na mwanafunzi aliyesubiri saa mbili hupewa nusu saa. Bando la intaneti la mwaka mzima ni shilingi 1,200,000. Skana ndogo pamoja na gharama za kutoa kopi stesheneri zinafika 600,000, na zilizobaki, 500,000, ni za nauli ya meli ya Ukerewe na ya magari ya Magu, Misungwi na Sengerema. Hakuna mtu wa kikundi atakayelipwa posho ya kuandika. Mweka hazina atatoa stakabadhi kwa kila shilingi, na hesabu itabandikwa mlangoni mwa chumba chetu kila mwisho wa robo mwaka, mtu yeyote aingie aisome.

Lipo jambo tunalopaswa kulisema waziwazi kabla hujatia mkono mfukoni. Mchango haununui makala. Wapo waliotuahidi fedha nyingi tuwaandikie mama zao au shangazi zao, nasi tuliwashukuru tukakataa, kwa sababu kanuni za Wikipedia zinamtaka anayelipwa kuhariri atangaze wazi nani anamlipa, na kwa sababu tukianza kuuza nafasi, yule mama mwenye faili, asiye na mtu wa kumlipia, atakuwa wa mwisho daima. Ukiwa na ndugu unayeona anastahili, tuletee gazeti lililomtaja. Tutalisoma kwa macho yaleyale tunayosomea mengine. Vilevile hatutaandika kwa lugha ya tanzia. Makala itasema alizaliwa lini, alifanya nini, nani alimpinga, na alikosea wapi ikiwa imeandikwa kwamba alikosea.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusiombe ufadhili wa nje. Tutauomba, kwani ipo misaada midogo kwa vikundi kama chetu. Lakini tungependa safari ya kwanza ya Dar es Salaam ilipiwe na watu ambao mama zao ndio wanaotafutwa, na tunaamini Mwanza inaiweza.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ukumbi wa shule inayotuhifadhi. Ahadi zitapokelewa siku hiyo na kukamilishwa ndani ya miezi mitatu. Mwenye shilingi elfu mbili na mwenye laki mbili wataandikwa katika daftari moja. Kompyuta zitakuwa wazi, na yeyote anayetaka kujaribu kubonyeza "Hariri" kwa mara ya kwanza ataketi na mmoja wetu hadi ahifadhi sentensi yake, ikiwa na marejeo yake. Wazazi, tunawaomba mje na mabinti zenu wa sekondari.

Kuhusu karatasi, leteni magazeti na majarida ya zamani, vijitabu vya jubilei za shule na parokia, ripoti za vyama vya ushirika, programu za michezo na picha zenye maandishi nyuma. Vijitabu vya jubilei na ratiba za mazishi havitoshi kuwa ushahidi peke yake, lakini hutupa tarehe na majina ya kufuatilia, kwa hiyo msivitupe. Tutavipiga skana mbele yenu na kuwarudishia siku hiyohiyo, na hakuna picha itakayowekwa mtandaoni bila kibali cha mwenye haki yake. Msifunge karatasi kuukuu kwenye mfuko wa nailoni, kwa kuwa unyevu wa huku Ziwani huzishikanisha. Zilazeni kati ya kadibodi mbili kavu, mzifunge kwa uzi bila kukaza. Na kama nyuma ya picha pameandikwa jina kwa penseli, tafadhali msilifute wala msilikolezee kwa kalamu ya wino.

Wenu,
Wahariri wa kujitolea, Kirumba, Mwanza