Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Magari Yanayolala Barabarani

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa mtaa hapa Mtwara, wazee wetu, akina mama na vijana,

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka mwingine. Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Naomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina, na habari za taka na ulinzi shirikishi mtazipata kwa kamati zake. Mimi nafasi yangu karibu yote naitumia kwa jambo moja, kwa kuwa ndilo lililotugombanisha zaidi mwaka huu na ndilo tulilohangaika nalo zaidi: magari yanayolala barabarani.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ikifika saa tatu usiku mtaa umefungwa: kulia gari, kushoto gari, katikati bajaji. Lori la taka likija alfajiri linaishia njia panda. Wakati mvua zimepamba moto, mwenzetu mjamzito alishikwa na uchungu usiku, na bajaji iliyoitwa kumwahisha hospitali ya Ligula haikuweza kufika mlangoni kwake. Akatembezwa kwa kushikiliwa hadi barabara kubwa. Mama na mtoto wako salama, tunashukuru. Lakini toka usiku ule sikukubali tena mtu aniambie kwamba hii ni kero ndogo.

Kamati, ikiwa na mtendaji wa mtaa, ilipita usiku kuangalia ni magari gani hasa yanalala wapi. Maneno yaliyozagaa yalikuwa kwamba tatizo ni malori ya korosho. Malori yapo, nitayafikia. Ila msimu wa korosho una mwanzo na mwisho, na barabara yetu ilikuwa imeziba hata mwezi wa sita. Magari mengi tuliyoyakuta ni yetu sisi: ya wenye nyumba, ya wapangaji, ya wageni wetu. Nyumba nyingi hapa zilijengwa wakati mwenye baiskeli ndiye alikuwa mwenye usafiri. Baadaye uani tukaongeza vyumba vya kupangisha, mbele tukatoa fremu za maduka, na pale ambapo gari lingeingia pakaisha. Mpangaji anakuja na gari lake, kodi inapokelewa, hakuna anayemuuliza atalilaza wapi.

Wageni hushangaa wakisikia Mtwara kuna shida ya barabara. Mji huu ulipopangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ulikatiwa barabara pana kwa kutarajia mji mkubwa. Karanga zilishindwa, reli ya Nachingwea ikang'olewa, barabara zile pana zikabaki. Mitaa kama wetu ilikuja nyuma, na upana ule haikuupata.

Kwa hiyo tukapima. Penye wembamba zaidi, barabara yetu ina mita 6. Gari dogo lina upana wa karibu mita 1.8. Yakisimama mawili yakitazamana, inabaki njia ya mita 2.4, na gari la zimamoto peke yake lina kama mita 2.5. Nyumba ikishika moto ukapiga 114, hata wakija mbio namna gani, watasimama njia panda. Yakipaki upande mmoja tu, njia inakuwa mita 4.2. Hesabu hii ilisomwa kwenye mkutano wa hadhara, na naamini iliwageuza watu wengi kuliko maneno yetu yote ya miezi iliyotangulia.

Mkutano ukakubaliana magari yapaki upande mmoja, ule usio na mtaro, ili na mtaro nao uzibuliwe kabla ya mvua. Hapo hapakuwa na ubishi mkubwa. Ubishi ulikuja kwenye mawe, matairi na mapipa ambayo watu wameyapanga mbele ya nyumba zao kujiwekea nafasi. Yalisemwa maneno makali, na baadhi ya majirani hawakusalimiana kwa muda. Msimamo wa kamati ulikuwa mmoja na bado ni huo: barabara ya mtaa ni ya umma, na mbele ya mlango wako si sehemu ya kiwanja chako. Mawe yameondolewa, isipokuwa sehemu chache ambazo tunaendelea kuzungumza na wenyewe. Penye mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, majirani wenyewe wamekubali kuacha nafasi wazi, na hilo limenifurahisha sana.

Upande mmoja hautoshi magari yote. Hapa namshukuru mwanachama mwenzetu aliyekubali kiwanja chake ambacho hajakijenga kitumike kulaza magari. Mwanzoni hakuna aliyetaka kupeleka gari huko. Watu waliogopa vioo vya pembeni na betri, na hofu hiyo ilikuwa ya haki, maana vimeshaibwa hapa mtaani. Tukafyeka, tukafunga taa ya sola, tukaweka mlinzi anayelipwa kwa fedha ya kila gari linalolala. Waliotangulia kuingia ni vijana wa bajaji, na wanastahili pongezi. Walipoonekana wanaamka na bajaji zao zikiwa kamili, wenye magari wakafuata.

Naomba nieleweke vizuri kuhusu mamlaka. Umoja wetu hauwezi kutoza mtu faini, kumfungia gari mnyororo wala kumtoa upepo tairi. Wapo waliofanya hilo la upepo usiku, wakidhani wanatusaidia. Kamati ililikemea na inalikemea tena leo. Kazi ya kuchukua hatua ni ya polisi wa usalama barabarani, ya manispaa na ya TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa barabara zilizo chini yake. Sisi tunachoweza ni kukubaliana, kukumbushana na kuandika barua.

Barua tumeandika, na sasa nayafikia malori. Kuanzia Oktoba korosho zinashuka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi kwenda maghalani na bandarini, na siku hizi yapo pia makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Bandari kuchangamka ni riziki yetu. Lile gati jipya la mita 300 tulililia miaka mingi. Lakini lori la ekseli saba linaruhusiwa kufikia tani 56, na barabara ya mtaa haikujengwa kwa uzito huo. Limeshatuvunjia mifuniko ya mtaro na kupasua bomba la maji. Madereva tumezungumza nao kwa heshima. Wanasema wanasubiri zamu ya kushusha, hawana pengine pa kulala, na mimi nawaamini. Kumfukuza dereva hapa ni kumpeleka mtaa wa jirani. Ndiyo maana barua yetu, iliyopitia serikali ya mtaa na kata, imeomba vitu viwili kwa pamoja: vibao vya kuzuia malori kuingia mitaani usiku, na eneo rasmi la malori kusubiri. Barua imepokelewa. Majibu hatujapata, na tumemwomba diwani atufuatilie.

Magari mabovu yaliyokaa juu ya mawe bado yapo. Wenye nayo wameshaambiwa.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba mkutano huu upitishe mambo haya: mwenye nyumba anayepokea mpangaji mwenye gari amweleze mapema utaratibu wa kulaza magari, mchango wa mlinzi uendelee hata miezi ambayo kiwanja hakijai, kwa sababu mlinzi akiondoka magari yatarudi barabarani, na wateuliwe watu wawili wa kufuatilia barua ya malori kabla msimu haujafunguliwa. Mwenye kiwanja ametuambia kwamba siku moja atajenga. Ni haki yake, hivyo naomba tuanze sasa kutafuta sehemu nyingine, na mwenye fununu ya eneo aonane na katibu leo kabla hatujatawanyika.

Naomba kuwasilisha.